Ampli Uliyosema Sitaiweza

Safari, ndugu yangu,

Nyumba yangu inanukia ubani siku hizi, na majirani wameanza kusema nimekuwa mtu wa sala. Katekista mwenyewe alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake. Nilimwacha aamini hivyo. Wewe peke yako ungetambua kwamba ni utomvu wa mti wa mupafu, ule uliokuwa ukiuokota porini na kuuweka kwenye kopo la maziwa, na kwamba mimi, Papa Eliya, nimekaa chini mbele ya mbabula ya makaa, kipande cha shaba cha moto mkononi, nalehemu nyaya.

Cheka kwanza. Nakungoja.

Unakumbuka siku ile, ulipokuwa bado unaweza kukaa kwa kuegemea ukuta, ulinionyesha katoni chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na ampli ya kupazia gitaa uliyoianza, ya kuchukua nafasi ya ile ya kanisa iliyobebwa na wale wenye bunduki waliopita. Mimi, kwa kukosa la kumwambia mgonjwa, nikasema nitaimaliza. Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "We? We unaogopaka hata pile za tochi!" Mama Sifa, mkeo, akacheka, mimi pia nikacheka, lakini moyoni iliniuma. Miaka yote tuliyopiga pamoja hapa Ntoto, wewe solo na mimi akompa ya kusindikiza, kila waya ulipokatika nilinyoosha mkono tu nikakukabidhi. "Piga tu, mambo ya moto uniachie." Nikakuachia. Wiki haikuisha, ukaenda nayo yote.

Siku uliyozikwa, baba yako mdogo alilegeza nyuzi zote za gitaa lako, akalitundika ukutani, uso wa gitaa ukitazama udongo wa ukuta. Desturi ya kwenu unaijua kuliko mimi: chombo cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo, yule aliyekuwa akipiga na mwenyewe ndiye hukaza nyuzi, akapiga mara moja watu wote wasikie, kisha chombo kinakwenda kwa mrithi. Na mrithi ni Sifa, binti yako aliyeolewa Masisi. Mama Sifa alikwisha kusema kwamba kilio kikimalizika anarudi kwao, kule milimani, kwa ndugu zake na kwa mtoto wake, na gitaa litakwenda mgongoni mwake.

Kwa hiyo nilikuwa na siku moja tu. Siku moja gitaa lako liseme hapa Ntoto, halafu basi. Na gitaa la umeme lisilo na ampli unajua linavyolia: kama mtu anayejikuna. Nilijiona nimekaa mbele ya watu wote, wazee na mama za korali, nikikwaruza nyuzi zako na hakuna hata mmoja anayesikia, wote wameinamisha kichwa kwa kunionea huruma. Nilisema hapana. Nikaenda kuchukua katoni.

Ndugu yangu, ulikuwa mchafu. Katoni ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa mpangilio. Redio tatu mbovu, bobini ya nyaya, jino la mtoto (la nani?), misumari, na nyuma ya kalenda kuukuu, ramani uliyoichora kwa kalamu nyekundu. Niliitazama ramani ile siku mbili kabla sijagusa kitu. Kile kidude cheusi chenye miguu mitano nilikitambua mara moja, kwa sababu wewe ulikiita katekista: anapewa neno dogo, analitoa kubwa. Vingine vyote vilikuwa wageni kwangu. Nilivipanga mezani, nikavipa majina yangu mwenyewe, na wiki ya kwanza sikufanya kitu kingine ila kuvisalimia asubuhi.

Kusude, huku kulehemu, ni kazi ya subira, na mimi subira sina, ulikuwa ukisema hivyo kila siku. Shaba ikiwa na moto kidogo, etani, ile bati ya kuyeyusha, inakuwa kidonge na haishiki. Ikiwa na moto mwingi, inaunguza ubao, na kidole. Nilikuwa sijui kwa nini wewe kila mara ulichovya ncha katika utomvu kabla ya kugusa waya. Nilidhani ni mambo yako tu, kupenda harufu. Nikajaribu bila utomvu, etani ikateleza chini, ikatoboa suruali. Ndipo nikaenda porini na panga kuutafuta mupafu wako, ule wenye jeraha ulilolichonga mwenyewe. Jeraha lilikuwa limeanza kufunga. Nililifungua tena, nikasimama pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Kisha katekista wako alihitaji bati la kumpooza, maana kwenye ramani uliandika kwa herufi kubwa: BILA HII ANAUNGUA. Nilikata mfuniko wa sufuria. Ni ule mkubwa wa Mama Eliya. Yeye bado yuko Goma kwa mtoto wetu. Alikwenda kusalimia wajukuu, barabara ikafungwa, akabaki huko, na sasa tunaongea kwa simu pale mtandao unapotaka. Hajui habari za mfuniko. Kama unaweza kuniombea kitu huko uliko, niombee katika hilo.

Jaribio la kwanza nilivaa viatu. Nakwambia ukweli, nilivaa buti za mvua mchana wa jua, nikaunganisha betri kwa kijiti. Kitu kimoja mezani kikavimba, kikapiga kelele kama popcorn, kikarusha karatasi yake mpaka kwenye nywele zangu. Nikajikuta niko nje, mlangoni, sikumbuki nimepitaje. Ilikuwa moja ya zile kondansateri. Ina mstari mweupe upande mmoja, na mimi niliona mstari ule ni wa heshima, kama wa afisa, nikajua huo ndio upande wa plus. Kumbe ndio wa minus. Ungekuwepo ungeanguka chini kwa kucheka, na kijiji chote kingejua kabla ya jua kuchwa.

Lakini hukuwepo, na hakuna aliyejua. Nilifagia vipande, nikatoa nyingine kutoka redio ya pili, nikageuza. Nataka nikwambie kitu kuhusu siku hizi. Watu ni wema kwangu. Wananipa pole, wananiletea ndizi, wananiita Papa kwa sauti ya chini. Hakuna anayenitukana. Hakuna anayeingia bila hodi na kusema gitaa langu linalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Nilikuwa sijui kwamba hilo ndilo nililokuwa nikiamkia. Nina upweke, Safari. Nalisema wazi kwa sababu kwa wengine siwezi. Wataniletea ndizi nyingine.

Siku ya pili ya kujaribu, mchana vilevile, niliwasha na hakuna kilichopasuka. Nikagusa waya wa kuingilia kwa ncha ya kidole, kama ulivyokuwa ukifanya, na spika ikanguruma. Nikaondoa kidole, ikanyamaza. Nikakirudisha, ikanguruma. Nikageukia benchi, pale mahali pako karibu na dirisha, nikasema kwa sauti, "Umesikia?"

Sitaki kuandika sana juu ya hapo.

Nilitoka nje kumtafuta mtu wa kumwambia. Barabarani alikuwa anapita mama mmoja na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nikamwambia, "Imesema, Mama! Imesema!" Akanitazama, akasogea pembeni kidogo, akasema, "Pole, Papa." Akaenda zake. Nikarudi ndani, nikaizima.

Spika yenyewe, ile kubwa uliyoitoa sijui wapi, ilikuwa na karatasi iliyopasuka kwenye ukingo. Hilo halikunitisha. Kubandika karatasi hata mimi najua. Tangu shule ya msingi sote tumebandika madaftari kwa uji wa muhogo. Nilipika uji mzito, safi, nikabandika kipande cha daftari kwa ustadi ambao ungekufurahisha. Kikakauka, kikawa kigumu, sauti ikatoka nzuri. Nikaifunika kwa kitambaa, nikaenda shambani kwa siku mbili kufukuza nyani kwenye mahindi.

Niliporudi, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya kumaliza kilio, kitambaa kilikuwa mahali pake, kimekaa vizuri. Nikakifunua. Panya walikuwa wamekula uji wangu wote, na kwa kuwa uji ulikuwa umeshika karatasi, wamekula na karatasi. Ukingo wote wa upande mmoja ulikuwa umekwenda. Nilipitisha ngumi yangu pale, ikapita.

Nilikaa chini. Sikukasirikia panya, nilikukasirikia wewe. Nilisema kwa sauti kwamba ulikuwa mtu mbaya, kwamba miaka yote ulinificha kazi yako ili nikuhitaji, kwamba umekufa kwa makusudi ukiwa na ujuzi wote mfukoni. Nilisema na mengine. Nisamehe, ama usinisamehe, lakini ujue niliyasema.

Halafu nikaibeba spika mikononi, wazi, nikapita nayo katikati ya kijiji mpaka kwako. Mama Sifa alikuwa jikoni. Alikuwa na kitambaa cha msiba kichwani, amekonda. Aliitazama spika, akatazama uso wangu, akauliza nilibandika na nini. Nikamwambia. Mkono wake ukaenda mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. "Bugali! Papa Eliya, uliwapikia panya bugali!"

Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye uchanja juu ya meko, mahali anapokaushia samaki. Pale ndipo ulipokuwa ukitundika spika zako, na sisi sote tukikucheka kwamba unazikausha kama nyama ya porini. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. "Haikukuwa kukausha," akasema. "Ile moshi njo panya hazipendaka. Karatasi ikisha kunuka moshi, hawaigusi tena. Hakukuambiaka?"

Hukuniambia. Sikukuuliza. Sasa naona ni makosa ya nani.

Tulifanya kazi pale jikoni kwake mchana wote. Yeye alikata karatasi ya mfuko wa simenti kwa mkasi wa kushonea, mimi nikabandika kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, ile isiyo na utamu kwa mnyama yeyote. Tukaitundika juu ya meko, mbali na ndimi za moto, na siku zote nne zilizofuata nilikuja kuitazama, nikakaa kwenye kigoda, nikanywa chai, nikaondoka. Ilitoka pale rangi ya kahawia, inanuka samaki. Katika siku zote za kilio, hizo nne ndizo sikuwa peke yangu.

Sasa siku yenyewe.

Walikuja wengi, wa kwenu na wa korali, na wengine wametembea tangu juzi yake. Katekista aliomba, tena si kwa ufupi. Mama Sifa alivuliwa kitambaa, akanyolewa, akavaa kitenge kipya. Baba yako mdogo akatoa gitaa ukutani, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akaniwekea magotini. Nilikaza nyuzi moja moja. Ile ya tatu ilikuwa na kutu, niliogopa itakatika. Ampli niliiweka juu ya kigoda, betri chini, na waya ulinikosa mara mbili. Nilikuwa sijawahi kuijaribu kwa gitaa lolote, maana la kwangu ni la kawaida, lisilo na umeme, na la kwako halikuruhusiwa. Nilifikiri juu ya mstari mweupe, na juu ya kila kiungo nilicholehemu, na nilikuwa sina imani na hata kimoja.

Nikagusa uzi.

Ilisema, Safari. Ilisema kwa sauti ya kukwaruza kidogo, ya mtu aliyelala muda mrefu, lakini ilisema, ikafika mpaka kwa waliokaa mwisho kabisa, nikawaona wanainua vichwa. Wazee wakasema "Eeeh." Nikaanza ule wimbo wako wa mavuno, tuliokuwa tukifungulia. Nikapiga akompa, maana ndiyo ninayoijua. Korali ikaingia. Beti ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Nilipokaribia mahali pa solo nilikuwa nimekwisha kuamua. Sitajaribu kujifanya wewe. Nitaendelea na akompa yangu, nafasi yako ibaki wazi, watu wasikie ukubwa wake. Korali ikanyamaza. Nikapiga peke yangu. Ilikuwa mbaya zaidi ya nilivyodhani. Ilikuwa kama kuongea na mtu ambaye amegeuka akaenda. Nilitaka kuacha.

Ndipo Mama Sifa akaanza. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na aliimba solo yako kwa mdomo. Si maneno, ni sauti tupu, nota kwa nota, kama ulivyoifanyia mazoezi miaka yote hiyo akiwa anapika. Hajawahi kushika gitaa, na alikuwa nayo yote. Aliijua mpaka pale kwenye kona, kabla ya kurudi chini, ambapo wewe ulichelewa kila mara, na mimi kila mara nilikukasirikia. Alichelewa palepale. Na mimi nikamngoja, kama nilivyokuwa nikikungoja.

Watu walilia, bila shaka. Mimi sikulia siku ile. Nilikuwa nashughulika na akompa.

Wimbo ulipokwisha nililegeza mkono, baba yako mdogo akalichukua gitaa, akalifunga kwenye blanketi. Baada ya siku tatu Mama Sifa aliondoka. Alitembea na kundi lililokuwa likipanda kuelekea Masisi kwa njia ya milimani, kwa sababu barabara, hivi sasa, hakuna anayejua. Nilimsindikiza mpaka mtoni. Aliniambia, "Ubaki muzuri, Papa Eliya. Ukule." Nikaona mgongo wake na blanketi lile vinapanda, mpaka kona ikavificha. Nilisikia baadaye kwamba walifika salama.

Basi sasa ndiyo hali. Nyumba yako imefungwa. Korali inaimba kwa ngoma peke yake. Ampli iko mezani kwangu, inanuka samaki, haina kitu cha kupaza. Nilidhani nikiimaliza nitapumzika, kwamba jambo lile lilikuwa la kukuonyesha. Imekwisha, na sina wa kumwonyesha. Jana niliiwasha nikagusa waya kwa kidole, ikanguruma, nikaizima. Nafanya hivyo siku nyingine. Nadhani si dalili nzuri, lakini nakwambia wewe.

Ila kuna jambo. Simu ilikamata wiki iliyopita, na alikuwa Sifa. Alisema mama yake anakula, anacheka kidogo na wajukuu. Alisema gitaa wamelitundika sebuleni. Nikamuuliza linalia vipi. Akasema, "Hatulisikiaka, Papa. Huku hakuna ampli." Akalisema hivihivi, kama mtu anayekwambia huku hakuna chumvi. Kisha mtandao ukakatika.

Kwa hiyo leo asubuhi nilifungua tena redio zako. Iko moja iliyobaki ambayo sijaitoa matumbo. Nimempata katekista wa pili, miguu yote mitano mizima. Nitatengeneza nyingine, ndogo, ya kubebeka mgongoni, na njia ikipitika nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu hii ambayo hukupenda kuingoja. Nitaiacha huko na kumwonyesha Sifa kila waya, kila kiungo, upande wa plus na upande wa minus, mpaka aseme imetosha. Atachoka na mimi. Sitamwambia mtu yeyote "mambo ya moto uniachie." Hilo nakuahidi.

Lala, Safari. Makaa yamewaka, shaba ina moto wa kutosha, naiona kwa rangi yake sasa. Naogopa bado, ujue. Acha niishike.

Mwenzako wa akompa,
Papa Eliya